Habari ya Bibi Kabla ya Ugali

Mwaka ule wa kuhamia vijijini baba alinituma Robanda nikamwite shangazi, dada yake. Bibi, mama yao, alikuwa ameacha kula na alitaka amwone binti yake kabla hajafa. Mimi nimeishia darasa la nne, na labda mambo ya safari yangeandikwa vizuri na mwenye elimu. Lakini nchi ile niliipita kwa miguu yangu, basi nitaieleza.

Kwetu Tarime ni juu, kuna migomba na ukungu wa asubuhi. Ukiteremka migomba inaisha, unakutana na joto, mtama na ng'ombe. Ukivuka Mto Mara nchi inafunguka, na mbele kabisa ni nyasi hadi macho yachoke. Nilikuwa nimeambiwa watu wa huko ni wakali. Si kweli, au basi mimi sikuwakuta hao wakali.

Shida yangu ilikuwa ukarimu. Kwetu mgeni haulizwi safari yake kabla hajala, na mwenyewe hasemi. Huko nako ni vivyo hivyo. Ukikataa chakula ni kama umesema una ugomvi na nyumba ile. Kijiji cha Busawe, mzee mmoja alinikalisha, kuku akakimbizwa, mtama ukasagwa upya kwenye jiwe. Namaliza kula, jua limezama, nikalala hapo. Siwalaumu. Paja walinipa mimi.

Nilipofika Mbalibali, mama mwenye nyumba alipoleta maji ya kunawa, nilishindwa kuvumilia.

"Mama, usisonge ugali. Nimeacha mgonjwa nyumbani, namfuata binti yake."

Akaniangalia. Akauliza kama kwetu huwa tunasema hivyo mlangoni. Nikamjibu hapana, hatusemi.

"Hata sisi hatusemi," akasema. "Lakini umeshasema. Sasa umekaa unangoja nini?"

Akanifungia viazi kwenye kitambaa, na mumewe akanisindikiza hadi njia ya mkato.

Robanda nilimkuta shangazi shambani akifukuza nyumbu. Kuniona tu, akatupa fimbo akaelekea jikoni. Nikampa shikamoo na habari kwa pamoja: bibi yuko kitandani, anakuita.

"Mbona unasema kama askari?" akaniuliza. Kisha akajifunga khanga kiunoni, tukaondoka.

Kurudi, yeye ndiye aliyepaza sauti mbele ya kila mji kwamba tuna mgonjwa. Watu walituletea chakula barabarani, tukala tukitembea. Wengine walitufuata kipande kirefu, mpaka tumalize maziwa, ndipo warudi na kibuyu chao.

Tulimkuta bibi yu hai. Kukaa hakuweza, lakini alimvuta shangazi mkono, akamtazama kuanzia kichwani.

"Umekonda," akamwambia. "Huko wanakulisha nini?"

Shangazi akapanda kitandani, akalala ubavuni mwake. Wakaanza kuwasema wakwe, na sisi wengine tukaambiwa tutoke nje.