Siku Niliyoufunga Mlango

Juzi, kwenye ekografia, kile kipimo cha picha ya mimba, ya binti yangu, daktari alituonyesha kitu kidogo kama harage, moyo ukipigapiga ndani yake. Nikakumbuka mchana mmoja nikiwa mtoto, nyumbani kwetu, mtaa wa Lumumba.

Mama alikuwa amelala, miguu juu ya mto. Chumba kilinuka damu na moshi wa makaa. Jirani yetu, Mama Neema, aliniambia, "Mimba inataka kutoka. Naenda kuita mukunga. Weye baki na mama yako."

Alipoondoka tu, nilifunga dirisha, nikatia komeo mlangoni, nikauegemea kwa mgongo wangu wote. Mimba haingetoka mbele yangu. Punde mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Fungua! Niko na mukunga!"

"Sifungue! Itatoka!"

Mama aligeuza kichwa taratibu. "Fungulia bamama, mutoto wangu. Huyu hana hata miguu bado. Atakimbia namna gani?"

Nikafungua. Mkunga alikaa naye hadi jioni. Damu ilipokatika, mama aliangua kilio, nami nikadhani tumempoteza mtoto. Kumbe alikuwa amebaki. Mdogo wangu alizaliwa msimu wa mahindi.