Visiki vya Mikorosho ya Baba

Juzi, Shangani, niliona mashine ikisaga kisiki uani kwa watu. Ilinguruma na kutema unga wa mti, na harufu yake ikanirudisha kijijini kwetu Mahurunga, alasiri moja baada ya mama kutoka eda ya baba.

Baba mdogo alikuwa shambani kwetu na vijana wenye sururu. Mikorosho walikuwa wameshaikata mama akiwa bado ndani. Sasa waling'oa visiki na kuvichoma. Moshi wake ulituwasha macho. Mimi nilidhani wanamsaidia mama kusafisha shamba, nikawapelekea maji.

"Mtoto huyu ana adabu kuliko mama yake," baba mdogo alisema, akanywa. Vijana wakacheka.

Mama alisimama mpakani. "Shemeji, miti umekata. Visiki navyo vimekukosea nini?"

"Kisiki kinachipua, shemeji."

Nilishangaa mtu mzima kuogopa kisiki. Leo najua. Kwetu shamba ni la aliyepanda mikorosho, na kisiki kikibaki, kila apitaye anajua ni cha nani. Alikuwa anamfuta kaka yake ardhini ili atunyang'anye shamba, na alifaulu. Msimu uliofuata alipanda mihogo yake, wazee wakasema hawaoni mti wa marehemu pale.

Baba mdogo alipokufa, niliambiwa nimsamehe. Nilikwenda maziko, nikatia udongo kaburini kama wengine, nikaitikia dua. Kusamehe sikuweza, na sitaki kudanganya kwamba ninajaribu.