Kwenda Kujiposea Kasolo kwa Baiskeli

Ninyi mliobaki nyumbani Tukuyu hamchoki kuniuliza ilikuwaje nikaenda ukweni peke yangu, kwa baiskeli, katika jua la kabla ya mvua, kama mtu asiye na ndugu. Sababu ni hofu. Leokadia, muuguzi niliyekutana naye Sumbawanga nilikohamishiwa kazi ya ukarani, alikuwa amenikubali. Baba yake, Mzee Desideri wa Kasolo, alikuwa hajasema lolote. Mshenga wangu akaugua homa, na siku hizo hizo nikasikia sokoni kwamba watu wa kijana mwingine wamekwisha kufika Kasolo na posa yao. Leokadia mwenyewe alikuwa Mbeya masomoni, kwa hiyo hakuwapo wa kunizuia. Nikajiambia, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikaomba ruhusa kazini, nikafunga mzigo.

Nilitoka Sumbawanga jua limekwisha kupanda, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni mzigo: blanketi, suti, viatu vya ngozi, sukari na kanga za mama mkwe, vyote nimevirundika nyuma, hata kila nilipopanda mlima gurudumu la mbele likawa linanyanyuka. Ufipa haina miti ya kumsitiri mpita njia. Majani yalikuwa yamechomwa, vilima vyote vyeusi, kila kimoja ndugu wa mwenzake, na mara mbili niliapa kwamba nimerudi nilikotoka. Maji nilikuwa na chupa moja. Niliimaliza kabla sijaanza kuona kiu ya kweli.

Karibu na Msanzi tairi likapasuka. Nikafungua gundi, nikakuta joto limeikausha ndani ya kopo lake. Nilisukuma baiskeli huku midomo imepasuka na kichwa kinagonga, mpaka mama mmoja aliyekuwa akianika ulezi akanipa togwa. Alinisalimu kwa kupiga makofi taratibu, kama ilivyo desturi yao. Mimi nikapokea kibuyu na kunywa kabla ya kuitikia. Nikitazama nyuma, naona haya.

Kasolo nilifika alasiri. Ilikuwa mwaka mmoja tu tangu serikali iwakusanye watu katika vijiji vya ujamaa, na nyumba zilisimama kwa mistari, mpya, zimefungwa. Hapakuwa na mtu ila bibi mmoja mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Mzee Desideri yupo?"

"Marahaba. Yuko Kasolo."

"Na hapa ni wapi?"

"Kasolo," akasema, akanitazama kwa huruma.

Kumbe watu walikuwa wamehama na jina lao, lakini mashamba hayakuhama. Usiku walilala Kasolo mpya, mchana walilima Kasolo ya zamani, upande wa pili wa bonde. Nikasukuma baiskeli kuvuka bonde. Huko nikamkuta bwana mmoja anaitwa Kizito, akibomoa yale matuta yao ya duara na kuutawanya udongo, tayari kwa kupanda ulezi.

"Mzee Desideri? Loo! Ametoka sasa hivi kwenda Kasolo."

Kizito alikuwa mtu mwema. Alinizibia tairi kwa gundi yake, jioni akanichukua kwake kijijini, mkewe akatupa ugali wa ulezi na maharage. Nilipouliza nyumba ya Mzee Desideri, alisema mzee amelala kulekule shambani. Nikaona ni sawa.

Asubuhi nikavuka bonde tena. Nikaambiwa mzee amerudi kijijini. Nikarudi kijijini, amekwenda shambani. Jua likawaka. Safari ya tatu nilikuta jembe lake limelazwa kwenye tuta, udongo wake bado mbichi, na juu ya kilima nikaona mgongo wa mzee mmoja mrefu akienda zake kwa hatua kubwa. Nikaita. Hakugeuka. Nilikaa chini nikashindwa kuelewa kama ninaumwa, au ninachezewa, au katika Kasolo hizi kuna akina Desideri wawili. Nilikuwa na hasira, na zaidi ya hasira nilikuwa na woga: labda yule kijana mwingine amekwisha kupewa jibu.

Jioni hiyo nikamwambia Kizito kwamba kesho ninarudi zangu. Akauliza, "Ndugu yangu, umekuja na nani?"

"Peke yangu. Unaniona."

"Na nani atakusemea?"

"Nitajisemea mwenyewe. Mdomo ninao."

Mkewe akatoka nje kwenda kucheka. Kizito hakucheka. "Sikiliza. Mzee hakukimbii wewe, anakimbia kukukataa. Mkikutana, utamwomba binti kwa mdomo wako mwenyewe, na kwetu mtu wa hivyo hana jibu ila moja. Siku mbili hizi mzee wa watu halimi, kwa ajili yako."

Nilitamani ardhi inimeze. "Sasa nifanyeje?"

"Nitume mimi."

Asubuhi tulikwenda nyumbani kwa Mzee Desideri, na safari hii alikuwapo. Kizito akaingia barazani. Mimi niliamriwa kukaa uani kando ya baiskeli na kufunga mdomo wangu huo. Nilisikia kila neno.

"Aliyekutuma yuko wapi?" akauliza mzee, huku ananitazama.

"Yuko Sumbawanga, baba."

"Hajambo?"

"Hajambo, ila jua limemchubua midomo."

"Hana wazee?"

"Anao, Tukuyu. Haraka ya ujana tu."

Nikashika usukani wa baiskeli. Ndipo mzee akasema, "Wale wengine walikuja na maneno mengi. Sikuwajibu. Huyu mwambie mvua zikianza njia yetu haipitiki. Wazee wake waje kabla." Akanyanyuka, akamwita mkewe ndani. "Na huyo mpita njia hapo uani mpeni maji, ana mwendo mrefu."

Maji yale niliyanywa machozi yakinilengalenga, na shikamoo nimeimeza.

Kurudi nilitoka kabla ya mapambazuko. Zawadi nilikuwa nimemwachia Kizito azipeleke kwa jina lake yeye, na mzigo mwingine niliugawa pande mbili, chini, na gundi nikaifunga katika kitambaa kibichi. Jua lilipokaza nilipumzika Msanzi kwa yule mama, na mara hii niliitikia kwanza. Nikitoka tena peke yangu katika joto, ndivyo nitakavyofanya. Lakini baiskeli humbeba mtu, haimpi watu, na hilo sikulijua nilipoondoka.

Leokadia aliporudi kutoka Mbeya alinikuta ngozi ya pua bado inabanduka.

"Umekwenda Kasolo? Peke yako?" Akashika kichwa. "Baba alikwambia nini?"

"Sikuonana naye," nikasema.

Akanitazama sana, kisha akaanza kucheka huku analia. "Basi amekubali."