Kazini Siku ya Kumzika Mama

Nilikuwa nafanya kazi nyumbani, Kitengela, nikijibu wateja wa kampuni ya ng'ambo kwa kompyuta. Mikono ikitulia kidogo tu kwenye kibodi, kompyuta inamjulisha msimamizi. Mama alipofariki, niliomba ruhusa nikamzike Kisaju. Msimamizi akanipigia simu.

"Pole sana. Lakini kazi hii unaifanya popote, si ndiyo? Beba laptop."

Nilibeba, kwa sababu kazi hiyo ndiyo ilikuwa inalisha watoto wangu. Nikakaa ndani ya gari la shemeji kando ya boma, nikiandika. Dada yangu akaja kugonga dirisha. "Wanamteremsha sasa. Toka!" Mteja alikuwa ananitukana juu ya viatu vilivyochelewa. Nilipomalizana naye, kaburi lilikuwa limeshajazwa udongo.

Jumatatu, kwenye mkutano wa mtandaoni, msimamizi alinisifu mbele ya wote. "Huyu alikuwa mazishini na bado aliwajibu wateja wengi kuliko ninyi nyote." Kisha akatangaza kwamba ruhusa za mazishi zimeondolewa.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa amefiwa na baba yake wikendi hiyo, aliniandikia: "Asante sana, dada. Sisi tunazika Alhamisi."