Jina Nililombandika Shangazi

Mume wa Wankyo alizikwa Kigera na watu kumi na mmoja. Wawili kati yao ni wachimba kaburi wa kulipwa, maana majirani waligoma kushika jembe.

Kisa? Makala yangu.

Na Wankyo mwenyewe nilikuwa simjui hata kwa sura.

Mimi nafundisha historia ya uchumi chuoni. Miaka miwili nilihangaika na utafiti wa magendo ya ziwani mwaka 1983, enzi za msako wa wahujumu uchumi, wakati katoni ya sabuni ilitosha kukupeleka jela. Jarida likanirudishia makala mara mbili. Mhakiki alisema takwimu ni nzuri ila watu hawamo, nitafute shahidi aliyekuwepo.

Shahidi nikampata nyumbani, Bunda. Shangazi Marieta, aliyenilea.

Alilia, akaniambia jambo ambalo hata padri hakuwahi kulisikia. Mwaka ule alikuwa anaishi Kigera, na ni yeye aliyemchoma jirani yake Makongoro kwa askari. Wivu wa biashara tu. Makongoro alikutwa na sabuni za Kenya, akafungwa, akafia gerezani.

Sasa balaa ni hili: mtoto wa Makongoro, Gabriel, ndiye aliyemuoa Eunice, binti wa shangazi. Wana watoto wanne.

Nikamwapia shangazi kwamba jina lake halitatoka. Kwenye makala nikamwita Wankyo, jina lililonijia tu nikiwa mezani; Makongoro na mtaa wa Kigera nikawaacha kwa majina yao. Chini ya ukurasa nikaweka tanbihi kwamba ni jina la kubuni.

Makala ikatoka, nikapanda cheo, tukachinja mbuzi.

Kumbe kuna mtu aliutafsiri ukurasa ule na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa huo. Tanbihi akaiacha. Na pale Kigera, ukuta kwa ukuta na kwa kina Makongoro, anaishi Wankyo wa kweli, muuza dagaa.

Gabriel alisoma, hakuuliza mtu. Wateja wakamkimbia yule mama. Kisha mumewe akafa, na mazishi yakawa kama nilivyowaeleza mwanzo.

Habari ikanifikia. Nikamwandikia mhariri wa jarida. Akajibu kwa upole kwamba tanbihi ipo, hakuna kosa la kusahihisha.

Nikaenda Bunda, nikampigia shangazi magoti anifungue kiapo.

"Mimi Wankyo sijawahi kumtajaga popote," akasema. "Umemtaja wewe."

Alisema kweli, na nilimchukia kwa hilo.

Nikaenda Kigera mwenyewe. Nilimkuta Wankyo anachambua dagaa peke yake. Nikamweleza yote isipokuwa jina la shangazi, nikamwahidi kwamba Jumapili nitasimama kanisani nimsafishe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea kigoda.

"Ni Marieta," akasema. "Siku ile Makongoro anakamatwa, nilimwona anatoka kituo cha polisi."

Nikamuuliza kwa nini basi amekubali mumewe azikwe vile.

"Nikisema, Gabriel anamrudisha Eunice kwao. Wale watoto wananiitaga bibi." Hakuinua macho kwenye dagaa. "Mwanangu, siri hii nimekaa nayo miaka arobaini. Wewe na usomi wako imekushinda miwili."

Akaniomba nisisimame.

Sikusimama. Jumapili ile Gabriel alimpita Wankyo mlangoni pa kanisa bila salamu, watoto wakivutwa mikono wasimkimbilie. Mimi nilikuwa benchi moja na shangazi, aliyekuja kutoka Bunda kuwaona wajukuu, tumeshika kitabu kimoja cha nyimbo. Najionea aibu mpaka leo.

Majina ya humu nimeyabadilisha, na mtaa sio ule. Ila safari hii, kabla ya kuposti, niliwapigia wenyeji simu kuuliza kama kuna anayeitwa hivyo.

Ndugu yangu unayeandika habari za watu: hakuna jina la bure. Ukimtua mmoja mzigo, geuka uangalie umemtwisha nani.