Mama Vipimo, mpika bia asiyeamini rangi

Aliyekuwa mjinga siku hiyo ni mwandishi wa makala haya, na tulimalize hilo mapema.

Ni saa nne asubuhi. Juu ya meza ya bati kuna glasi tatu za bia: moja nyeusi kama masizi ya sufuria, moja ya kahawia, na ya tatu rangi ya dhahabu, safi kiasi kwamba ungeweza kusomea gazeti upande wa pili. Mpika bia, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Vipimo, anamwomba mgeni aonyeshe yenye kilevi kikali zaidi. Mgeni, kifua mbele, anagusa nyeusi.

Mama anacheka mpaka anashika meza. Nyeusi ina kilevi asilimia nne. Ya dhahabu, iliyotulia pale kama mtoto aliyevunja kitu, ina asilimia nane.

“Weusi ni wa nafaka iliyokaangwa sana,” anasema akijifuta machozi. “Rangi hailevyi mtu. Kilevi kinatoka kwenye sukari iliyoliwa.”

Imeliwa na nani? Hapo ndipo anapokuongoza chumba cha nyuma, kwenye matangi manne yanayokufika kidevuni. Ukiweka sikio kwenye chuma unasikia kitu kikinong’ona ndani, bila kupumzika. Ni chachu: viumbe visivyoonekana kwa macho, vinakula sukari ya shayiri na kuacha kilevi na gesi.

“Nina wafanyakazi wasiohesabika,” anasema, “na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba ruhusa ya msiba.”

Kuwasimamia ana kijiti cha kioo chenye mistari. Sukari ikiwa nyingi, kijiti kinaelea juu. Kadiri inavyoliwa, kinazama. Kati ya mstari wa siku ya kwanza na wa siku ya mwisho, Mama anapata nguvu ya bia yake. Anaonyesha mistari ya wiki nzima aliyoiandika daftarini, mmoja chini ya mwingine. Kazi yote hiyo imefanyika gizani, na kioo chembamba kimeiona.

Alianza kwa kuosha chupa za watu. Aliungua kwa mvuke, akafukuzwa mara mbili, akarudi. Leo kiwanda hiki kidogo ni chake na mumewe. Anayemkera ni mnywaji anayeapa amekunywa mbili tu.

“Mbili zipi?” anauliza. “Mbili za dhahabu ni nne za nyeusi.”

Ndiyo maana anapanga kuandika asilimia ya kilevi usoni mwa chupa, kwa herufi kubwa kuliko jina la bia.

Mara anaingia shemeji yake, mdogo wa mumewe, msambazaji wa bia zao, funguo za gari kidoleni. Ameahidi kupeleka bia ya dhahabu kwenye harusi ya watu mia mbili Jumamosi, kwa hiyo bia ya tangi jipya ifungwe kwenye chupa leo.

Mama anachota kidogo, anatumbukiza kijiti. Kiko juu. Shemeji anasema hiyo ni gesi tu, mapovu yamekibeba, na kweli mapovu yamewahi kuwadanganya wapimaji wengi. Mama habishi. Anaimimina bia jagi hadi jagi mpaka povu linakufa, anapima tena. Kijiti kimezama zaidi ya jana. Maana yake chachu bado inakula. Kwake, bia isiyosimama mstari mmoja siku mbili haifungwi, kwa sababu itaendelea kutoa gesi ndani ya chupa, na gesi haitakuwa na pa kutokea.

“Shemeji, tofauti yenyewe ni unene wa ukucha,” analalamika msambazaji. “Tukiikosa harusi hii wateja watahamia kwa wengine, tubaki kunywa wenyewe.”

Mama anatikisa kichwa. Basi kijana anamgeukia kaka yake, anayebandika lebo kwenye chupa pale mlangoni, amwambie mkewe.

Kaka mtu anainua uso. Jicho lake la kushoto lilikwenda na kipande cha chupa iliyopasuka, mwaka wao wa kwanza, walipofunga bia kwa haraka.

“Bwana mdogo,” anasema, “mimi kwa jicho langu moja naona bado haijatulia. Wewe unayo mawili. Kama moja ni la ziada, chukua chupa ufunge.”