Gari Jeupe na Gari la Buluu
Nilipokwenda na mume wangu kwenye yadi ya magari Magongo, moyo wangu ulikuwa kwa gari jeupe lenye turbo. Muuzaji alipoona ninavyolipapasa, akapandisha bei palepale.

"Mama, magari haya siku hizi yagombaniwa," akasema.

Nikamuaga kwa heshima, tukavuka barabara hadi yadi ya pili, lilikokuwa gari la buluu, mpinzani wa lile jeupe sokoni. Nililiendesha mpaka Chaani na kurudi. Kwenye kona lilitulia. Nikikanyaga mafuta, lachomoka.

Mume wangu, ameshikilia mkanda kwa mikono miwili, akauliza, "Umeridhika?"

"Wallahi, nimeshachagua."

Wiki iliyofuata muuzaji wa kwanza alinipigia kusema bei imeshuka. Nilimshukuru, nikaendelea kuliosha gari langu la buluu.